Tihomir Milutinov, Aliyetaka Azikwe na Vyuma

Wasifu wa marehemu, umesomwa na dada yake Desanka katika makaburi ya Kikinda, Ijumaa tarehe 15 Machi 2024

Padri, majirani, jamaa wa Mokrin mliokuja na baridi hii, na ninyi vijana wa klabu yake ya vyuma, ambao wengine mna vipara sasa lakini kwake mlibaki vijana: jeneza lililo mbele yenu limefungwa, na halitafunguliwa. Najua mnavyonong'ona. Tangu asubuhi navutwa mkono. "Desanka, hata uso tusiuone? Tutamuagaje mtu aliyefungiwa?" Aliyeomba lifungwe ni marehemu mwenyewe, kwa sababu aliona aibu. Nitaeleza ni aibu gani, maana ilimtesa kuliko ugonjwa wenyewe, na ninyi sita mtakaombeba ni lazima muijue kabla hamjainama. Karatasi mliyo nayo mkononi imeandikwa na binti yake, Nevenka. Ni fupi na ni nzuri. Mimi nitaifuata, ila penye pengo nitapaziba. Nevenka mwanangu, mvumilie shangazi yako.

Marehemu Tihomir Milutinov alizaliwa tarehe 9 Februari 1955 katika kijiji cha Mokrin, mtoto wa pili na wa mwisho wa hayati Živan na hayati Smilja. Alizaliwa kabla ya siku zake, nje theluji imefika madirishani, na bibi yetu alipomtazama alimwambia baba asijisumbue kuchonga kitanda. Mimi nilikuwa na miaka minne. Namkumbuka amelazwa kando ya jiko, ndani ya kapu la kuatamishia bata bukini, amefunikwa manyoya mpaka kidevuni. Bibi alikosea, aliishi. Lakini mwili haukuja. Mama alimlisha mafuta ya nguruwe, asali, maziwa ya kwanza ya ng'ombe aliyezaa, vyote vikaingia na kupotea kama maji kwenye mchanga. Kijiji kizima kilimwita Uzi. Watoto walimwita Uzi, wakubwa walimwita Uzi, na hata baba, Mungu amrehemu, akimhitaji zizini alipaza sauti, "Uzi! Njoo ushike huyu ndama, ila angalia asikupeperushe!"

Alisoma shule ya msingi ya Mokrin kuanzia mwaka 1962 hadi 1970. Karatasi inasema alikuwa mwanafunzi mtulivu. Ni kweli, lakini utulivu ule ulikuwa na sababu yake. Alipokuwa darasa la tano, wavulana wakubwa walimshika wakati wa mapumziko, wakamnyanyua mikononi kama mtu anavyonyanyua shada la vitunguu, wakamweka juu ya kabati la ramani. Kabati lenyewe refu, dari inagusa kichwa. Kengele ikalia. Aliyeingia ni mwalimu wa jiografia, Bogoljub, ambaye baadaye wengi wenu mlimfahamu hapa Kikinda. Darasa zima limejikaza lisicheke. Uzi yuko huko juu na mavumbi yake, kimya, maana aliona ni heri afe kuliko kuomba kushushwa. Mwalimu Bogoljub alimwona. Aliweka vitabu mezani, akasogeza kiti, akapanda, akampokea yule mtoto kwa mikono miwili, akamshusha, akamkalisha mahali pake. Hakucheka. Hakuuliza ni nani aliyefanya. Alirudi ubaoni akaendelea na mito ya Ulaya.

Jioni ile ndugu yangu alinisimulia. Nilimwambia asahau. Akasema, "Dada, nitakuwa mzito. Nitakuwa mzito mpaka asiwepo mtu duniani wa kuninyanyua."

Ndivyo ilivyoanza kazi yote mnayoijua ninyi. Alichukua makopo mawili ya mafuta ya nguruwe, akayajaza mchanga, akayatundika kwenye mpini wa jembe, akawa anayanyanyua ghalani kila jioni. Baba akimkuta anauliza, "Kama nguvu ni nyingi hivyo, mbona samadi haijatoka?" Naye anaitoa samadi, kisha anarudi kwenye makopo. Kuanzia mwaka 1970 hadi 1973 alisoma hapa Kikinda katika shule ya ufundi, akajifunza kutengeneza kalibu za kumiminia chuma. Alikwenda jeshini, akarudi mwaka 1975 amepata shingo. Mimi ni mshonaji, nilimshonea shati la kukaribishwa nyumbani kwa vipimo vya zamani, vifungo vikaruka mezani mbele ya wageni. Sijapata kumwona mtu anayefurahia shati kuharibika namna ile.

Tarehe 1 Septemba 1975 aliajiriwa katika kiwanda cha kuyeyusha chuma, alikofanya kazi hadi kilipofungwa mwaka 2009. Msimamizi wake alimruhusu kuchukua mabaki ya chuma, na kwa mabaki hayo alijitengenezea sahani za mazoezi, za kilo tano, kumi, ishirini, akazipanga katika chumba cha chini cha jengo lile karibu na stesheni, pembeni ya mtambo wa kupasha joto. Mwaka 1979 klabu ya kunyanyua vyuma ikafunguliwa. Mwaka 1981 akawapeleka vijana wake mashindano ya Novi Sad, na yeye mwenyewe akiwamo, akijua kabisa anachoweza kusukuma akiwa amelala benchi. Walipofika kule, uzito uleule waliokuwa wakiusukuma nyumbani kila siku ukakataa kupanda. Kijana wa kwanza ameshindwa. Wa pili ameshindwa. Marehemu akalala yeye, chuma kikamkalia kifuani, wakaja watu wawili kumtoa chini yake, ukumbi mzima ukitazama.

Kosa lilikuwa lake. Chuma kilichoyeyuka kikipoa kinanywea, na fundi anayejua kazi huikata kalibu iwe kubwa kidogo ili kufidia. Marehemu alikuwa fundi anayejua kazi. Lakini zile sahani alizitengeneza kwa haraka na kwa furaha, akasahau kufidia, na zote zikatoka pungufu ya uzito ulioandikwa juu yake. Miaka miwili walikuwa wakijidanganya. Katika treni ya kurudi alikataa kukaa, akasimama mlangoni njia nzima, amewapa mgongo, na nafasi zipo. Sreten, ambaye wakati huo alikuwa kijana wa miaka kumi na minane na leo ndiye kiongozi wa wabebaji, alimwendea akamwambia, "Kocha, basi. Njoo ukae." Akajibiwa, "Nikikaa mtaniona." Wiki iliyofuata alizirudisha sahani zote tanuruni akazimwaga upya, na mpaka leo hakuna uzito wa kweli kuliko ule katika mkoa wetu wote wa Banat.

Sasa nije kwa Ilonka. Marehemu alifunga ndoa na Ilonka Bereckei tarehe 17 Septemba 1983. Ilonka alikuwa mpishi wa kantini kiwandani. Mtu mmoja mpana wa mabega alikuwa anakuja kila siku dirishani kwake anaomba ute wa mayai kumi, uliochemshwa, bila viini.

"Na viini nimpe nani?" Ilonka alimuuliza.

"Kula wewe."

"Ili ninenepe mimi wewe ukae na tumbo kama ubao wa kufulia? Una adabu kweli?"

Lakini alivila, au alivifanyia keki na tambi, na wote mnajua keki za Ilonka. Siku ya harusi, hayati baba yake alisimama na glasi ya pombe ya rakia akasema, "Nimemwoza binti yangu kwa nusu ya yai." Waliishi hivyo miaka arobaini, mmoja akila nyeupe na mwingine njano, na sikuwahi kusikia ugomvi wao ukifika asubuhi. Tarehe 3 Mei 1986 walijaliwa mtoto wao wa pekee, Nevenka.

Mafundisho yake mnayajua kuliko mimi, lakini yaandikwe. Hakuuza vidonge, na aliyemletea sindano ukumbini alimfukuza na sindano yake. Alifundisha kwamba chuma kinauchosha tu msuli, kinaupasuapasua, na kwamba unajengwa baadaye, nyumbani, mtu akiwa ameshiba na amelala. Mvulana akifika na uso wa njaa alimkamata mlangoni.

"Asubuhi umekula nini?"

"Kahawa, kocha."

"Kahawa! Na mchana?"

"Nilikuwa shule."

"Kwa hiyo unataka kujenga ghorofa, matofali hujaleta. Rudi kwa mama yako, kula maharage, kula jibini, lala. Njoo kesho. Leo ukinyanyua utajibomoa."

Alikuwa na neno moja kila mtu alipomaliza raundi yake na mikono inatetemeka. Alikuwa anasema kwa upole, tofauti na ukali wake wote: "Weka chini. Pumzika."

Hapa karatasi ya Nevenka inaruka kutoka mwaka 1986 hadi 2009. Mimi siruki. Mwaka 1993 mnaukumbuka, mwaka wa vita. Mshahara ukipokelewa asubuhi, jioni hauna thamani ya yai moja. Kiwanda kinafanya kazi siku mbili kwa wiki. Na huyu bwana ana vijana wa kulisha misuli. Akagundua kwamba katika mji mzima mahali pekee palipobaki na chakula cha kujengea mwili ni msibani. Watu walikuwa wanajinyima mwaka mzima ili marehemu wao asizikwe kwa aibu: ngano iliyochemshwa na kuchanganywa na jozi na sukari, maharage, samaki, wakati mwingine hata kuku. Basi akaanza kwenda. Anasoma matangazo ya vifo kwenye milango na nguzo, anachagua, anavaa suti nyeusi niliyomshonea mimi, anakwenda na vijana watano nyuma yake, mabega yamejaa mlango.

Mimi niligundua kwenye mazishi ya mteja wangu mmoja. Naingia kwenye chakula, namkuta ndugu yangu mezani na mlima wa ngano, na Sreten pembeni anasukuma sahani ya pili. Mjane ananiuliza, "Desanka, hawa ni jamaa wa upande gani? Wa mume wangu siwajui." Nilitamani sakafu inimeze. Nikamshika Tihomir sikio, mtu wa miaka thelathini na minane, kilo mia na nne, nikamtoa uani.

"Huna haya wewe? Umefikia kula wafu?"

"Siwali wao, dada. Nakula ngano yao."

"Unaona tofauti gani?"

Akasema, "Umesema kweli. Bure hatutakula tena."

Na kweli hakula bure tena. Kuanzia wiki ile yeye na wale watano wakawa wabebaji. Wanaume wa mji huu nusu walikuwa vitani au wamekimbilia nje, na wajane walikuwa wanaajiri walevi wa stesheni kubeba waume zao. Klabu ikabeba. Walibeba kwenye matope, kwenye barafu, walibeba wazee waliokuwa hawana mtu. Alitunga na sheria: kwanza kubeba, ndipo kula, na asiyebeba asiguse kijiko. Nusu ya ninyi mliosimama hapa, baba zenu au mama zenu walifika kaburini juu ya mabega hayo, na kwa hilo nilimsamehe ule mlima wa ngano.

Lakini mtu anayenyanyua vyuma kila siku, bega lake ni mizani. Vijana wakaanza mchezo. Jeneza likipanda tu, wananong'onezana njiani. "Huyu tisini." "Tisini na tano, alikuwa mwokaji." Ndugu yangu aliwaacha waendelee. Alidhani hakuna anayesikia, na kusema kweli yeye ndiye aliyekuwa hodari kuliko wote wa kukisia.

Novemba 1993 alifariki mwalimu Bogoljub. Ugonjwa wa muda mrefu. Wale sita waliinama, wakashika, wakanyanyua kwa nguvu waliyoizoea, na jeneza likaruka. Liliruka mpaka juu ya vichwa vyao kama kreti tupu, na kijana mmoja, simtaji, akasema, "Jamani, wamesahau kumweka ndani!" Na ndugu yangu akacheka. Kicheko chake mnakijua, si cha kunong'ona. Alicheka amembeba yule aliyemshusha kabatini, na mke wa mwalimu, Bi Emilija, alikuwa nyuma yao hatua chache, ameshika mshumaa. Hawakuendelea na mchezo ule baada ya siku hiyo. Wala siku ile hakula.

Marehemu aliendelea na klabu baada ya kiwanda kufungwa, na kuanzia mwaka 2009 hadi 2022 ilikuwa ndiyo kazi yake ya pekee. Aprili 2022 alishindwa kumaliza mayai yake. Ilonka aliitazama ile sahani yenye mabaki, akavaa koti, akaenda kumtafutia daktari bila kumuuliza. Ilikuwa saratani ya tumbo. Alifanyiwa upasuaji Novi Sad tarehe 7 Juni 2022, sehemu kubwa ya tumbo ikaondolewa. Mtu aliyekula mara sita kwa siku akaanza kula kwa kijiko cha chai.

Alikuwa akiwaambia vijana miaka yote kwamba mwili ukikosa chakula unaanza kujila wenyewe, misuli kwanza. Alikuwa akiwaambia ili kuwatisha wapate kula maharage. Sasa akautazama unavyofanya. Ulianza na mapaja. Ukaja kifuani. Mikono ikabaki na ngozi inayoning'inia kama soksi iliyolegea. "Ni kweli, dada," aliniambia, "kila nilichowafundisha ni kweli," akageukia ukutani.

Akaacha kwenda klabu. Alimpa Sreten ufunguo kwa mkono wa Ilonka, na ujumbe kwamba amekwenda Linz kwa binti yake kutibiwa. Hakwenda Linz. Majira mawili ya baridi mji mzima uliamini yuko Austria, naye yuko mtaa wake uleule, nyuma ya pazia, amevaa sweta tatu moja juu ya nyingine. Sreten alikuwa anapita na jibini kila Jumamosi, anamwachia Ilonka getini. "Mtumie, ukipata mtu wa kwenda Linz," anasema. Ilonka anapokea, anashukuru, anaingia ndani analia na jibini mkononi, na yule anayeletewa jibini yuko hatua kumi, anachungulia.

Kwetu mtu akifa tunafunika vioo vya nyumba. Januari mwaka huu niliingia nikakuta vioo vyote vimefunikwa mashuka. Nikakimbilia chumbani, namkuta amekaa kitandani, hai.

"Mwendawazimu wewe! Nani aliyekuambia ufunike vioo? Hujafa!"

"Yule aliyekuwa ndani ya kioo amekufa, dada. Huyu anayechungulia sasa ni Uzi."

Nilikaa pembeni yake nikamshika mkono, na mkono ule nilikuwa naujua: ndio ule wa kwenye kapu la bata.

Lakini kabla ya hapo, Oktoba mwaka jana, wakati bado anatembea, alinitaka nimpeleke kwa Bi Emilija. Tulikwenda giza likiingia, kofia imefika machoni asitambulike. Bi Emilija ana zaidi ya miaka tisini na alitufungulia mwenyewe. Ndugu yangu alisimama barazani, hakutaka kuingia, akasema, "Nilimcheka mwalimu nilipombeba. Nimekuja kwa ajili hiyo." Yule mama alimtazama, kofia, sweta, uso uliobaki mifupa. Akasema, "Nilisikia, mwanangu. Kwamba alikuwa mwepesi nilijua. Mimi ndiye niliyekuwa namwogesha." Akatuingiza, akatupa chai. Nilidhani ndugu yangu atatoka pale amepoa. Alitoka ameumia zaidi. Njia nzima alirudia, "Alisikia, dada. Alikuwa anasikia."

Mwezi uliopita aliniita mimi, siyo Ilonka. Akanieleza kwa utaratibu, kama anamwelekeza fundi. Jeneza lifungwe kabla mtu hajamwona. Jaketi la suti yake nilipunguze, lakini mabegani nijaze pamba. Na ndani, kila upande wa mwili wake, niweke sahani ya chuma ya kilo ishirini kutoka klabu, na nyingine ya kumi miguuni, zifungwe kwa kitambaa zisigongane.

"Za nini, Tiho?"

"Watanibeba vijana. Wanajua uzito wangu. Wakininyanyua kwa nguvu waliyoizoea, nitaruka kama mwalimu. Watatazamana, dada. Sreten hatacheka, lakini atatazamana na mwenzake. Nisitiri."

Nikamwambia ndiyo. Nani angemwambia hapana? Alifariki nyumbani kwake Jumanne tarehe 12 Machi 2024, alfajiri. Kitu cha mwisho alichoweza kumeza ni kiini cha yai kilichopigwa na sukari, alichomlisha Ilonka usiku wake, na alipokionja alisema, "Kwa hiyo miaka yote hii ulikuwa unakula hiki?" Ilonka akamwambia, "Nilikuambia ni kitamu, mjinga wewe." Hawakuzungumza tena.

Siku ya mazishi ilipopangwa nilikwenda klabu na toroli la bustani. Bibi wa miaka sabini na mitatu anaiba vyuma, mnionee huruma. Nilivileta, nikavifunga kwa vipande vya kanzu yangu ya zamani. Jaketi nimekwisha kulipunguza, pamba imo mabegani, na hilo namwomba anisamehe kulitaja. Basi jana mimi na wifi yangu Ilonka tukasimama juu ya jeneza na chuma cha kwanza katikati yetu, kila mmoja ameshika upande.

Ilonka akasema, "Wifi, tukiviweka, watakuwa wanambeba nani?"

"Tiho. Alivyokuwa."

"Aliyevilalia vyuma ni mume wangu. Aliyenifia mikononi pia ni mume wangu, na nilikuwa namgeuza kitandani kwa mkono mmoja. Unataka huyu wa pili asibebwe na mtu?"

Tulikishusha sakafuni. Nilikaa juu yake nikalia kwa aibu, aibu yake na yangu pia, maana nilikuwa nimekwisha kumkubalia.

Kwa hiyo havimo. Jaketi lina pamba, na pamba haina uzito. Lakini nisipowaambia ninyi mtainama na kunyanyua kilo mia na nne, na jeneza litaruka, na kile alichokiogopa kitatokea mbele ya mji mzima. Ndiyo maana nimeyasema haya yote kwa sauti, nikimvua nguo ndugu yangu mbele ya watu. Sikuwa na njia nyingine ya kumvalisha.

Marehemu ameacha mjane, Ilonka, binti, Nevenka, na mkwe wake, Jochen, wa Linz, mjukuu, Teodor, dada, mimi Desanka, na vijana wa klabu, ambao Ilonka ameagiza waandikwe hapa pamoja na jamaa wa damu. Chakula kiko klabuni, katikati ya vyuma, na ngano ameichemsha Bi Emilija kwa mikono yake. Sheria mnaijua: kwanza kubeba, ndipo kula.

Sreten, waweke wenzako mahali pao. Kunjeni magoti, migongo wima, alivyowafundisha. Ana kilo hamsini na moja, nilimpima mwenyewe kwa mikono hii. Mpokeeni polepole, kama mwalimu Bogoljub alivyompokea kutoka kabatini, na msitazamane. Mkifika kaburini, mshusheni taratibu vilevile.

Na wewe, Tiho, mdogo wangu, umenyanyua vya kutosha. Weka chini. Pumzika.